Jibu ni Iko

Tulimwacha Shiro juu ya jukwaa, maikrofoni mkononi, mdomo wazi. Wiki nzima amesimama hivyo, maskini, kwa sababu gazeti hili halitoki kila siku. Haya, mama, funga mdomo. Mzee anakuja.

Na wewe ambaye gazeti la juma lililopita ulifungiwa nyama nalo kabla hujalisoma, sogea hapa kando nikunong'onezee, hawa wengine wasione umechelewa.

Shiro ni msichana wa Noonkopir, hapa Kitengela, mtoto wa Wanjira muuza viazi. Shiro anauza shanga. Kuzitunga hajui, akishika sindano, sindano inamshika yeye. Anayetunga ni rafiki yake Simaloi, Mmaasai wa Bisil. Watu wa maonyesho ya Hong Kong walimwalika Simaloi, mwenye mikono yake. Simaloi akakataa kupanda ndege. Alipoulizwa sababu aliendelea kutunga.

Ndipo akatokea ajenti mmoja, Peterson, kijana wa viatu virefu mbele kama mdomo wa korongo.

"Hakuna shida," Peterson alisema. "Kule hakuna mtu anajua Mkikuyu ni gani na Mmaasai ni gani. Mvalishe Shiro shuka, mwite Simaloi, mambo iishe."

Kwa hivyo kule Hong Kong, Shiro ni Simaloi. Beji kifuani inasema Simaloi. Na paspoti yake iko ndani ya koti la Peterson. "Kwa usalama," Peterson alimwambia, "hapa watu ni wengi." Bila hiyo paspoti Shiro harudi nyumbani. Hilo hata mtoto wa nasari analijua, isipokuwa Shiro.

Jumba lenyewe sina haja ya kulieleza sana. Ni la mikutano na maonyesho, limeingia ndani ya bahari kabisa, maji pande tatu, vioo juu mpaka chini, na paa lake kama ndege mkubwa aliyetua akakataa kuondoka. Kitengela yote ingeingia humo ndani, na watu wa Athi River wangepewa mahali pa kusimama.

Sasa tuko sawa? Twende.

Noonkopir ilikuwa saa tano asubuhi. Ndani ya bucha ya Maweu, runinga kubwa ilikuwa inaonyesha maonyesho ya Hong Kong moja kwa moja kupitia mtandao. Wanjira alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kifaranga. Simu hiyo, spika wazi, ilikuwa imeungana na ya Shiro, ambayo ilikuwa imefichwa ndani ya shuka, na kidude chake cha kusikilizia kikiwa ndani ya sikio, chini ya kitambaa cha kichwa. Kitambaa kilikuwa cha lazima. Shiro alikuwa amekataa kunyolewa kama Mmaasai.

Mpango ulikuwa hivi: akiulizwa kitu cha Kimaasai, Simaloi, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya friji, atamwambia jibu sikioni.

Mpango mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu. Picha ya runinga ilikuja nyuma ya simu. Neno likisemwa Hong Kong, simu inalileta hapo hapo. Runinga inalileta ukishameza mate na kujikuna. Na simu yenyewe, kwa sababu ilikuwa ndani ya shuka, ilimsikia Shiro peke yake. Watu wengine walisikika kama nzi ndani ya chupa.

"Shiro!" Wanjira aliita. "Shiro mami, netwaki iko?"

Nzi akalia ndani ya chupa.

"Nauliza, netwaki iko?"

"Iko!" Shiro alijibu kwa nguvu, kwa sababu alikuwa ameshtuka.

Mara simu ikajaa kelele. Makofi! Watu walipiga makofi mpaka Wanjira akaisogeza simu mbali akaiangalia.

"Wanapigia nini makofi?"

"Netwaki," Maweu alisema, akikata mbavu. "Watu wa huko wanapenda sana netwaki."

Ndipo runinga ikafika.

Mzee mmoja mrefu, mwembamba, shuka nyekundu, fimbo mkononi, alipanda jukwaani polepole akipumzisha goti moja baada ya lingine. Alisimama mbele ya Shiro. Akasema kwa sauti ya kujaza ukumbi, "Takwenya!"

Na Shiro kwenye runinga akaruka kidogo, akajibu, "Iko!"

Simaloi aliinuka kwa benchi kama ameketi juu ya siafu.

"Nani amemwambia?"

"Amemwambia nini?"

"Jibu! Mwanamke akisalimiwa takwenya anajibu iko! Nani amemfundisha?"

"Lakini mimi nimeuliza netwaki," Wanjira alisema.

Maweu aliweka kisu chini ili acheke vizuri. Nanyi watu wa Kitengela msicheke. Mnachojua ni sopa tu, ile salamu ya kununulia maziwa, na siku mkiambiwa takwenya mtauliza iko wapi.

"Shiro, umeokoka!" Wanjira alipiga kelele simuni. "Umejibu vizuri! Endelea hivyo hivyo!"

"Nimejibu nini?" Shiro alinong'ona.

Lakini wokovu wa bahati haukai. Kwenye runinga mzee alinyoosha kiganja juu, namna wazee wa Kimaasai wanavyofanya, ili kijana ainamishe kichwa aguswe utosini. Shiro wetu, mtoto wa biashara, akakidaka kiganja akakitikisa kama meneja wa benki.

"Kichwa!" Simaloi alilia. "Ainamishe kichwa! Ni dharau hiyo!"

"Shiro, inama!" Wanjira akapaza sauti. "Inama sasa hivi!"

Shiro akainama sasa hivi. Ila kule sasa hivi ilikuwa imeshapita, na mzee alikuwa amesogea karibu. Simu ikasema *ko!* Runinga ikachukua muda wake, kisha ikawaonyesha wote ilivyokuwa: Shiro amempiga mzee kichwa cha kifua kama mwanakondoo anayetafuta ziwa la mama yake, na mstari mzima wa waheshimiwa wa Hong Kong, wakidhani ndiyo desturi, wamesimama nao wakainama.

"Wacha nife," Wanjira alisema. "Maweu, nikate kichwa, uuze."

Mzee hakuanguka. Hakukasirika pia. Alikuwa ameshika mkufu wa Shiro ili asiende chini, na sasa hakuuachilia. Aliuinua karibu na macho. Aliupitisha kwa vidole, punje baada ya punje, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Halafu vidole vikasimama. Akasema kitu kwa Kimaasai, sauti imeshuka chini.

"Amesema nini?" Wanjira aliuliza.

Simaloi aliisogelea runinga.

"Simaloi. Mzee amesema nini? Mtoto anangoja!"

"Anauliza mimi ni binti ya nani."

"Wewe?"

"Shiro. Anauliza Shiro ni binti ya nani."

"Si umwambie!"

Simaloi alikuwa haangalii uso wa mzee. Alikuwa anaangalia mkono wa huyo mzee. Kwenye kifundo cha huo mkono kulikuwa na bangili ya shanga, ya zamani, rangi zimechoka. Samawati, samawati, nyeupe, samawati. Na katikati ya nyeupe, punje moja nyeusi. Mahali ambapo hakuna mtunga shanga duniani angeweka nyeusi.

"Hiyo ni kosa," Maweu alisema, kwa sababu na yeye alikuwa ameangalia.

"Si kosa." Simaloi alikuwa amesimama karibu na runinga mpaka pua inagusa. "Ni ya mama yangu. Mama alikuwa anaweka moja nyeusi kila kitu anachotunga. Alisema shanga ya sawasawa ni ya duka. Alinifundisha hivyo. Mimi pia naweka. Hata hiyo mkufu Shiro amevaa niliweka."

"Sasa huyo mzee ameipata wapi?"

Simaloi alikaa chini. Si kwenye benchi. Chini, kwenye simiti ya bucha, na shuka yake safi.

"Nilikuwa mgongoni mwa mama," alisema. "Mtu wa ngoma alikuja Bisil akachukua wanaume wa kuruka, wapelekwe huko China wakaruke watalii wakiangalia. Miezi kidogo tu, alisema. Wengine walirudi. Baba hakurudi. Mama alikuwa anakaa kando ya barabara ya Namanga na shanga zake, kila gari likisimama anainuka. Aliinuka mpaka alipokufa. Mimi niliapa hiyo ndege haitaninusa."

Mnaona sasa kwa nini alikataa? Angeenda, leo angekuwa yeye aliyesimama pale mbele ya mzee, na punje nyeusi shingoni. Alikataa kumfuata baba yake, na ndiyo sababu ameshindwa kumpata. Hapo hata mimi sina mzaha wa kuweka.

"Mama," Shiro alinong'ona simuni. "Mama, ameniuliza tena. Niseme nini?"

Wanjira alimtazama Simaloi. Simaloi alitazama sakafu.

"Ngoja kidogo, mami," Wanjira alisema. "Tunatafuta jibu."

Runinga ikachagua wakati huo kusimama. Kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kifua cha mzee.

"Maweu! Bando imeisha?"

"Haijaisha, imechoka tu. Itarudi."

Lakini simu haikuwa imechoka. Mzee sasa alikuwa karibu na shuka ya Shiro, na sauti yake iliingia wazi, si nzi tena. Alikuwa amehamia Kiswahili, Kiswahili cha mtu ambaye hajakitumia miaka mingi, kinachotoka na kutu.

"Ulimi imekauka?" mzee alisema. "Basi tuongee hii. Usiogope hao watu, wanafikiri tunabarikiana. Nani ametunga hii mkufu?"

"Mi... mimi."

"Nionyeshe vidole."

Shanga ziligongana kidogo. Kisha mzee akacheka, kicheko kidogo kisicho na ubaya.

"Hii vidole haijawahi kudungwa. Mtoto, nani amekuleta hapa?"

"Ajenti."

"Mimi pia nililetwa na ajenti. Nililetwa kuruka. Niliruka mpaka magoti yakakataa, halafu mwenye ngoma akaondoka. Sasa watu wa kuuza kahawa wananisimamisha mbele ya stendi yao kila maonyesho ikikuja, nipendeze. Naangalia maji. Kurudi siwezi. Paspoti yangu yule mtu aliniwekea. Alisema ni kwa usalama."

Wanjira alisikia maneno hayo mawili ya mwisho, akaivuta simu mdomoni.

"Shiro! Paspoti yako iko wapi?"

"Kwa Peterson, mama. Ameketi tu hapa mbele..." Sauti ya Shiro ikapanda. "Mama. Kiti haina mtu."

Ndipo runinga ikaamka.

Na nani huyo ameketi kiti cha mbele, mguu juu ya mguu, viatu vinang'aa? Peterson! Alikuwa hapo kabisa! Kwenye runinga mzee ndiyo kwanza anaanza Kiswahili, na Peterson anamsikiliza huku tabasamu lake likikunjwa kidogo kidogo kama nguo ya Jumapili. Aliangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akafunga kifungo cha koti, akagusa mfuko wa ndani, akainuka.

"Shika yeye!" Wanjira alipiga runinga kiganja, pa! juu ya mgongo wa Peterson. "Shika! Si huyo anaenda! Shiro, geuka! Geuka mlangoni!"

"Nimegeuka, mama. Hakuna mtu."

"Si huyo namwona!"

"Mama, hakuna mtu!"

Runinga ilikuwa inawaonyesha mtu ambaye alikuwa ameshaenda. Peterson alitembea kando ya vioo, bahari yote nyuma yake, meli zinapita, akiwa na ule mwendo wa mtu anayejifanya anatafuta choo. Wanjira alimfuata kwa kidole mpaka pembe ya runinga, na Peterson akaingia kwenye pembe akaisha.

Maweu alikuwa ameshika kisu kikubwa.

"Cha nini, Maweu?" Wanjira aliuliza, machozi yanamtoka. "Utakata bahari?"

"Nipigie polisi?"

"Wa Kitengela? Waende na nini?"

Maweu alipiga simu ya Peterson badala yake. Mama yule wa kwenye simu akawaambia, kwa adabu yake ile ile, kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

"Mama," Shiro alisema. Sasa hakuwa ananong'ona. Alikuwa analia kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, bila aibu, pua na yote. "Mama, nifanye nini?"

Wanjira ni mwanamke ambaye ana jibu la kila kitu. Mkiuliza bei, anayo. Mkiuliza nani alimwacha nani Noonkopir nzima, anayo, na mwaka anautaja. Aliinua simu karibu na mdomo. Akaishusha tena.

Kwenye runinga watu wa Hong Kong walikuwa wanapiga picha. Waliona msichana analia mbele ya mzee, wakadhani ni furaha ya ukoo. Mshereheshaji, mama mmoja wa gauni la kumeta, alijipangusa jicho, akaita wapiga ngoma waingie upande wa pili wa jukwaa, ili wawili hao waachwe wafurahi.

"Sikio yako," mzee alisema simuni. "Nani anaongea ndani ya sikio yako?"

"Mama yangu."

"Anatunga shanga?"

"Anauza viazi."

"Jina lako ni nani? La kweli."

"Shiro. Wa Kitengela."

"Nilijua. Msichana wa kwetu hangenipiga kichwa." Akapumua. "Lakini ulijibu takwenya yangu vizuri."

"Hiyo ilikuwa ya netwaki, guka."

Hofu ilikuwa imemrudisha kwao; alimwita babu kwa Kikuyu. Mzee hakulalamika.

"Sikiza, Shiro wa Kitengela. Huyo kijana wa viatu nimemwona akienda upande wa feri. Askari wa ile mlango ni rafiki zangu, tunakunywa chai pamoja. Nikiwaita sasa, hapandi. Nikichelewa, amepanda, na huko ng'ambo hakuna mtu anamjua."

"Waite! Guka, tafadhali, waite!"

"Nikiita, polisi watakuja. Polisi wakikuja wataanza na yeye, halafu wataniangalia mimi. Wataniuliza karatasi. Sina. Watanirudisha Kenya na nguo hii nimevaa." Fimbo ikagonga jukwaa. "Kurudi siogopi. Naogopa kufika. Nifike Bisil kwa nani? Hapa angalau niko na mlango ya kunywa chai na watu. Huko mtu iko?"

"Iko, guka! Iko! Simaloi iko! Yuko hapo hapo na mama, anakusikia!"

"Wewe umeshanipa iko moja leo, ikawa ya netwaki. Nataka ya mwenyewe. Nipe hiyo kidude na simu yake."

Simu ikakwaruza. Kitambaa, nywele, shanga zikigongana. Halafu pumzi ya mzee ikaingia ndani ya bucha ya Maweu, karibu sana, kama ameegemea friji.

"Takwenya," mzee alisema.

Wanjira alimnyooshea Simaloi simu. Simaloi alikunja mikono.

"Mwambie amekosea namba."

"Simaloi!"

"Mama yangu aliinuka kila gari. Kila gari, Mama Shiro! Na yeye alikuwa anaangalia maji."

"Alinyang'anywa paspoti, hujasikia?"

"Na mdomo pia alinyang'anywa? Hakuna mtu alikuwa anatoka huko amletee neno? Mama alikufa akifikiri amezama. Tulimlilia. Nilimlilia mtu ambaye anakunywa chai na askari."

"Takwenya," simu ilisema tena.

Wanjira hakuweza kungoja. Akaileta simu mdomoni, akafanya sauti nyembamba, ya kisichana.

"Iko!"

"Hiyo iko ni ya kuuza viazi," mzee alisema. "Niko na masikio bado, mama. Samahani."

Maweu akainyakua. Msimlaumu, alitaka kusaidia. "Iko," alisema, kwa sauti ambayo mbuzi wake wenyewe hawangeijibu.

"Na hiyo ni ya Mkamba."

Kwa nyuma, mbali, walimsikia Shiro akisema, "Guka, feri inapiga honi. Guka, nasikia honi."

Wanjira alichukua simu kutoka kwa Maweu. Alimwangalia Simaloi. Alitaka kusema mambo mengi: kwamba Shiro ni mtoto wa pekee, kwamba walikula sufuria moja, kwamba shuka ile Shiro aliivaa kwa sababu Simaloi alikataa ndege. Hakusema hata moja. Alijua msichana huyu akisukumwa anaganda. Akaiweka simu kwenye sahani ya mizani ya Maweu, katikati yao wawili, kioo juu. Mshale wa mizani ukasogea kidogo, ukasimama. Wanjira akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mikono yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa na kitu cha kushika, ikabaki inaning'inia.

"Mtoto wangu yuko kwa mdomo wako," alisema. Ndiyo yote.

Simaloi alisimama mbele ya mizani. Alikuwa anatetemeka, na shanga zake zote, zenye punje yake nyeusi kila moja, zilikuwa zinatetemeka naye na kulia kidogo.

Honi ya feri ikasikika tena, mara hii bila Shiro kuisema.

"Takwenya, entito ai," mzee alisema, mara ya tatu. Takwenya, binti yangu. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, pale ambapo sauti ya mwanaume huanza kuomba.

Simaloi akainamisha kichwa juu ya simu, taratibu, utosi mbele, kama kuna kiganja hapo. Akafungua mdomo.

Na juu ya ukuta, kwenye runinga ya Maweu iliyochoka, mzee alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono kuelekea sikio la Shiro. Huko alikuwa bado hajamsalimia binti yake.